Pini tatu zimebaki, kioo kinataka sita: 595, 164 au I2C?

Mashine ya kutotolesha vifaranga ya shangazi yangu kule Kibaha inaongozwa na ATtiny85, mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) yenye pini nane tu. Toa pini ya umeme, ya gaundi na ya kuriseti, zinabaki tano za kufanyia kazi. Kihisi cha joto na unyevu, DHT22, kinachukua moja. Rilei ya taa za joto inachukua nyingine. Zimebaki tatu, na kioo cha LCD cha herufi 16 kwa mistari 2, ukikiunga kwa njia ya kawaida ya biti 4 (herufi ya biti 8 inatumwa kwa nusu mbili), kinadai sita: RS inayosema kama kinachokuja ni herufi au amri, E, na D4 hadi D7 za data.

Vijana wanaoanza huniuliza swali hili mara nyingi, na jibu wanalokuwa wamekwisha kupewa ni "nunua moduli ya I2C", yaani mawasiliano ya nyaya mbili ambazo vifaa vingi hushirikiana. Kwa wengi ni jibu zuri. Kwa baadhi si zuri hata kidogo, na mmoja wao alikuwa shangazi, kama nitakavyoeleza. Njia tatu kuu ninazozilinganisha hapa nimezitumia kwenye mashine zinazofanya kazi kila siku: rejista ya kusogeza biti ya 74HC595 (chipu inayopokea biti moja moja kwa waya mmoja na kuzitoa kwenye pini nane), ndugu yake mdogo 74HC164, na moduli ya I2C yenye chipu ya PCF8574.

Mlango wa kioo ni E

Karibu vioo vyote vya herufi vinavyouzwa Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, vinafuata utaratibu wa chipu moja, HD44780 ya Hitachi, iliyotoka miaka ya 1980. Siku hizi chini ya lile tone jeusi nyuma ya kioo huenda pakawa na mwenzake, KS0066, ST7066U au SPLC780D, lakini lugha wanayoielewa ni moja. Na katika lugha hiyo, pini ya E ndiyo mlango. E ikiwa chini, kioo hakijali chochote kinachopita kwenye RS wala kwenye D0 hadi D7. E ikipanda, kinatega sikio. E ikishuka, kinachukua kilichopo.

Masharti yake kwa umeme wa volti 5 ni mepesi. RS iwe imetulia nanosekunde 40 kabla E haijapanda. Data ziwe zimetulia nanosekunde 80 kabla E haijashuka, na E yenyewe ikae juu angalau nanosekunde 230. Baada ya hapo unakipa kioo muda wa kumeza: mikrosekunde 37 na ushee kwa herufi au amri ya kawaida, milisekunde 1.52 kwa amri ya kufuta kioo chote au kurudisha kielekezi mwanzo. Nakala nyingine ni nzito kidogo, kwa hiyo mimi huweka mikrosekunde 50 na milisekunde 2, na sijawahi kujutia.

Jambo hili la E lishike vizuri, maana ulinganisho wote umesimama juu yake. Nyaya za data zinaweza kuchezacheza zinavyotaka mradi mlango umefungwa. Wengi hununua rejista yenye komeo la ndani, yaani rejista inayoficha biti zinaposogea na kuzitoa zote kwa pamoja mwishoni, wakidhani bila komeo kioo kitaandika takataka. Kumbe kioo chenyewe kina komeo, nalo ni E.

Katika njia zote mbili za rejista, R/W, pini ya kuchagua kusoma au kuandika, inaungwa moja kwa moja na gaundi. Hutaweza kukiuliza kioo kama kimemaliza kazi, lakini kusubiri kwa muda niliotaja kunatosha. Pia kioo cha volti 5 hakitaweza kurudisha umeme kwenye chipu yako ya volti 3.3.

Kwa mwenye haraka, hali iko hivi (muda ni wa kusafirisha herufi moja, bila kuhesabu kusubiri; SPI ni sehemu ya mikrokontrola inayosukuma biti yenyewe, shiftOut ni amri ya Arduino inayozisukuma kwa programu):

| Njia | Pini za mikrokontrola | Hali ya kioo | Muda wa herufi | Pini za ziada |
|---|---|---|---|---|
| Moja kwa moja | 6 | biti 4 | mdogo sana | hakuna |
| 74HC595 | 3 | biti 4 | mikrosekunde chache kwa SPI, zaidi ya 400 kwa shiftOut | 2 |
| 74HC164, E peke yake | 3 | biti 8 | takribani mikrosekunde 10 | hakuna |
| 74HC164 na dayodi | 2 | biti 4 | takribani mikrosekunde 30 | hakuna za kutegemewa |
| Moduli ya I2C | 2, za kushirikiana | biti 4 | mikrosekunde 450 hadi 1,200 | taa ya nyuma |

74HC595: yenye komeo, na pini mbili za bure

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Ina pini 16. Unaunga tatu na mikrokontrola: data (pini 14), kloki ya kusogeza (11) na kloki ya komeo (12). Unasukuma biti nane, unapiga komeo mara moja, na matokeo manane yanabadilika kwa pamoja. Kioo kinachukua sita, RS na E na D4 hadi D7. Zinabaki mbili, na hizo mbili ndizo sababu ya kweli ya kuchagua 595. Moja naipa taa ya nyuma kupitia transista ya BC547 na rezista ya kilo-ohm 1 kwenye bezi. Nyingine naipa baza. Zote mbili zinatulia herufi zinapopita, kwa sababu komeo linazishikilia.

Usijaribu kuiwasha taa ya nyuma moja kwa moja kutoka kwenye 595. Chipu nzima hairuhusiwi kupitisha zaidi ya miliampia 70, na taa za vioo vikubwa vya 20 kwa 4 zinaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho peke yake.

Kwa kuwa E nayo imepanda gari moja na data, kila nusu ya baiti inahitaji rejista ijazwe zaidi ya mara moja. Programu nyingi huijaza mara tatu: data E ikiwa chini, data zile zile E ikiwa juu, kisha E ikiwa chini tena. Ile ya kwanza unaweza kuiacha kama RS haijabadilika tangu herufi iliyopita, maana sharti la kutulia kabla E haijapanda linaihusu RS tu, si data. Kwa maandishi ya mfululizo basi ni mara mbili kwa nusu baiti, mara nne kwa herufi.

Hapa ndipo watu wanapokosea kuhusu kasi. Wanasikia kwamba rejista ina kasi kuliko I2C, wanaandika programu kwa shiftOut ya Arduino, halafu wanashangaa. Kwenye Uno ya megahezi 16, shiftOut hutumia zaidi ya mikrosekunde 100 kwa baiti moja, kwa sababu ndani yake kila biti inapita kwenye digitalWrite, amri ya kubadili pini, mara tatu. Zidisha kwa nne, umefika mikrosekunde 400 na zaidi, karibu sawa na I2C iliyopangwa vizuri. Unga data na kloki kwenye pini za SPI, uiendeshe kwa megahezi 8, na baiti hiyo hiyo inapita kwa mikrosekunde moja. Chipu ni ile ile, waya ni ule ule. Kwa hiyo mtu akikuambia 595 ni nzito, muulize kwanza anaisukuma kwa njia gani.

Jambo moja la hatari. Umeme unapowashwa, matokeo ya 595 hayana hali maalumu mpaka uipige komeo kwa mara ya kwanza. Kwa kioo hilo si tatizo, maana utaratibu wa kukianzisha umepangwa kuvumilia hali yoyote. Kwa baza ni mlio mfupi wa kukera. Lakini usije ukaipa pini iliyobaki rilei ya hita au ya pampu, labda uiinue pini ya 13, OE, inayozima matokeo yote ikiwa juu, kwa rezista ya kilo-ohm 10 kwenda volti 5, na mikrokontrola iishushe baada ya kuandika sifuri ndani ya rejista. Hilo linakula pini ya nne, na hapo faida ya kubana pini imeanza kuyeyuka.

74HC164: haina komeo, wala hailihitaji

Chipu hii ya pini 14 ni rahisi kuliko 595: unaipa data na kloki, na kila kloki ikipigwa biti zote zinasogea hatua moja, hadharani, kwenye matokeo yake yote manane. Ndiyo maana watu wanaipita dukani. Na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa kioo cha herufi.

Angalia hesabu yake. Matokeo manane yanatosha D0 hadi D7 kamili, kwa hiyo kioo kinafanya kazi kwa biti 8. E inapata pini yake ya mikrokontrola. RS je? RS inaungwa kwenye waya ule ule wa data unaoingia kwenye rejista. Ukishamaliza kusukuma biti nane, waya wa data hauna kazi tena. Unauweka juu kama unatuma herufi, au chini kama unatuma amri, kisha unapiga E. Wakati biti zinasogea RS inapanda na kushuka kama wazimu, lakini mlango umefungwa, kioo hakioni.

Pini tatu, biti nane, msukumo mmoja kwa kila herufi. Hakuna kugawa baiti vipande viwili, hakuna kujaza rejista mara nne. Hata kwa programu ya kupiga pini moja moja, ATtiny85 kwenye megahezi 8 inasafirisha herufi kwa mikrosekunde 10 hivi. Herufi zote 32 za kioo, pamoja na kusubiri, ni kama milisekunde 2.

Faida ya pili haionekani mpaka umeishiwa pini kabisa. E ikiwa chini na kloki imetulia, waya wa data uko huru kwa lolote. Kwenye mashine ya shangazi kitufe cha kuweka joto kimeungwa hapo hapo: kutoka kwenye data, kupitia rezista ya kilo-ohm 1, kwenda gaundi. Ninapotaka kusoma kitufe, ninaigeuza pini iwe ya kupokea, ninawasha rezista ya ndani ya kuivuta juu, ninasoma, ninairudisha iwe ya kutoa. Hata kitufe kikibonyezwa katikati ya kuandika herufi, ile kilo-ohm 1 inavuta miliampia 5 tu, na ATtiny85 inaimudu bila volti kushuka vya kutosha kuharibu biti. Pini moja inafanya kazi tatu: data, RS na kitufe.

Upungufu wake ni mmoja na ni wa wazi: matokeo yote yamekwisha. Hata kama yangebaki, hayafai kushikilia taa wala baza, kwa sababu yanapepesa kila herufi inapopita. Ukitaka programu izime na kuwasha taa ya nyuma, hii si njia yako.

Kuna namna ya kupunguza hadi pini mbili. E inatengenezwa kutokana na mambo mawili kwa pamoja: waya wa data uwe juu, na tokeo la mwisho unalolitumia liwe juu. Unaweka rezista kutoka kwenye tokeo hilo kwenda E, na dayodi kutoka E kwenda kwenye waya wa data, upande wenye mstari ukielekea data. Unafuta rejista kwa sifuri, unasukuma moja ya kutangulia, RS, biti nne za data, na sifuri ya kufungia. Ile moja ikifika mwisho, unainua data na E inapanda. Sifuri ya mwisho usiiruke: bila hiyo E inaweza kupanda papo hapo kloki inapopigwa, RS ikiwa bado haijatulia.

Inafanya kazi, na nimeitumia, ila dayodi ichague kwa uangalifu. HD44780 inahesabu kitu kuwa chini kikiwa volti 0.6 au pungufu, na dayodi ya kawaida ya 1N4148 yenye rezista ya kilo-ohm 1 inaacha takribani volti 0.7. Vioo vingi vitavumilia, kimoja kitakataa, na utahangaika siku nzima kukitafuta kosa. Tumia dayodi ya Schottky, BAT85 kwa mfano, na jambo limekwisha.

Wapo wanaoenda mbali zaidi, wakitumia rezista na kapasita ili waya mmoja tu utofautishe data, kloki na komeo kwa urefu wa mpigo. Ni ubunifu mzuri, lakini muda wa kila mpigo ni wa kupimwa, na intarapti moja (kazi ya ghafla inayoikatiza programu) ikiingia katikati biti inapotea. Sijaona mashine ya kazi inayoistahili.

Moduli ya I2C: nyepesi kuunga, nzito kuandika

Kibao kidogo kinachobandikwa mgongoni mwa kioo, nyaya nne, umemaliza. Kina PCF8574, chipu iliyobuniwa na Philips, ambayo leo ni ya NXP. Kina rezista ya kuzungusha ya kurekebisha weusi wa herufi, na transista ya taa ya nyuma. Pini mbili inazotumia si zake peke yake: saa ya DS3231 na vihisi vingine vinakaa kwenye nyaya hizo hizo. Kama tayari una vifaa vya I2C kwenye mashine, kioo hakikugharimu pini hata moja. Hakuna rejista inayoweza kushindana na hilo, na anayetumia Arduino Uno kwa mradi wa kawaida sina sababu ya kumzuia.

Kasi ndiyo bei yake. I2C ya kilohezi 100 inatumia mikrosekunde 90 kwa baiti pamoja na biti ya kukiri. Programu nyingi zinafungua mazungumzo mapya kwa kila hatua: anwani, baiti moja, funga. Hatua tatu kwa nusu baiti, sita kwa herufi, kila moja karibu mikrosekunde 200. Herufi moja ni milisekunde 1.2, na kioo kizima cha 16 kwa 2 ni milisekunde 38 hivi. Kwa joto linalobadilika kila sekunde mbili si kitu. Kwa mashine inayohesabu mapigo ya injini wakati huo huo ni donda. Programu inayotuma baiti zote nne chini ya anwani moja inashuka hadi mikrosekunde 450, kwa hiyo kabla ya kulaumu moduli, tazama maktaba ya programu unayotumia.

Masumbufu mengine ni madogo lakini yanakula jioni nzima. PCF8574 ina anwani kuanzia 0x20 hadi 0x27, PCF8574A kuanzia 0x38 hadi 0x3F, na moduli hazitangazi ni ipi. Jaribu 0x27 na 0x3F kwanza. Wengi wanaunga P0 na RS, P1 na R/W, P2 na E, P3 na taa, P4 hadi P7 na D4 hadi D7, lakini si wote, na moduli iliyopangwa vingine itajibu kwenye anwani huku kioo kimenyamaza.

Kelele za umeme, na usiku wa Kibaha

Toleo la kwanza la mashine ya shangazi lilikuwa na 595. Pini tatu zilitosha, taa ya nyuma ilikuwa inazimika usiku, nikaridhika. Mota ya kugeuza mayai ilikuwa kwenye laini moja ya umeme na kila kitu. Usiku mmoja, siku ya tisa ya mayai, mota ilipozimika kioo kikajaa alama zisizosomeka. Shangazi alipoamka kuangalia akaona vile, akaamini mashine imeharibika, akaizima asije akaunguza mayai. Asubuhi akanipigia: "Mwanangu, mashine imeandika Kichina, nimeizima." Ilikuwa herufi za Kijapani, zile zilizo kwenye kumbukumbu ya kudumu ya vioo vingi hivi. Taa za joto zilikuwa zinafanya kazi sawasawa muda wote. Mayai yalikaa kwenye baridi mpaka nilipofika, na mengi hayakuanguliwa. Hakuna alichokosea; alifuata kilichoandikwa mbele yake, na aliyekiandika nilikuwa mimi.

Kilichotokea kinaeleweka, na ndicho kinachonifanya niweke uzito kwenye safu ya "hali ya kioo" katika jedwali kuliko safu ya pini. Kwenye biti 4, kila herufi inakuja kwa nusu mbili. Mshtuko mmoja wa umeme ukigusa E, kioo kinahesabu nusu ya ziada. Tangu hapo nusu ya pili ya herufi hii inaungana na nusu ya kwanza ya herufi ifuatayo, na hakitajirekebisha chenyewe hata ukingoje wiki. Kwenye biti 8, mshtuko ule ule unaharibu herufi moja, na ukiandika upya kioo kizima inafutika. Mara chache sana mshtuko unaweza kusomeka kama amri ya kubadili hali, lakini hilo ni nadra mbele ya kuteleza kwa nusu baiti.

Sasa tazama: 595 moja ni biti 4. Moduli ya I2C ni biti 4. Njia ya dayodi ni biti 4. Kati ya njia za pini tatu au pungufu nilizozitaja, ni 164 yenye E peke yake tu inayokupa biti 8 kwa chipu moja. Unaweza kuunganisha 595 mbili kwa mfululizo upate biti 8 na pini za ziada kwa nyaya zile zile tatu, na mahali penye nafasi ni suluhisho zuri.

Kama umekwisha kujenga kwa biti 4, usivunje. Rudia utaratibu wa kukianzisha kioo kila baada ya dakika chache: amri ya 3 mara tatu, ya kwanza ikifuatwa na kusubiri zaidi ya milisekunde 4.1, ya pili zaidi ya mikrosekunde 100, kisha amri ya 2 ya kurudi biti 4. Kioo kinapepesa kidogo, lakini kinarudi kwenye akili zake. Na weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini za umeme za rejista, na dayodi kwenye koili ya kila rilei. Hizo hazina mbadala kwa njia yoyote utakayochagua.

ESP32 na wenzake wa volti 3.3

Hapa njia zote zina kasoro moja. 74HC595, 74HC164 na PCF8574 zikiwa kwenye volti 5 zinataka takribani volti 3.5 ili zikubali kwamba kitu kiko juu. Mikrokontrola ya ESP32 inatoa 3.3. Mezani itafanya kazi, kwenye joto la boksi lililofungwa itaanza kuruka biti. Moduli za I2C zina ubaya wa ziada: rezista zake za kuvuta nyaya juu zinazivuta hadi volti 5, na umeme huo unaingia kwenye pini za ESP32 ambazo hazikutengenezwa kuubeba.

Kwa rejista dawa iko kwenye herufi moja: nunua 74HCT595 au 74HCT164 badala ya HC. Hizo zinatosheka na volti 2. Kioo chenyewe kinatosheka na volti 2.2 kwenye E na RS, kwa hiyo waya unaotoka moja kwa moja haukisumbui. Kwa I2C utahitaji kibadilisha volti kati ya pande mbili, na ule wepesi wa nyaya nne umepungua.

Ningechagua ipi

Una Uno au Nano, mradi wa mezani au wa nyumbani, na vihisi vingine vya I2C: chukua moduli ya I2C, utumie maktaba inayotuma kwa mafungu. Unataka kuongoza taa ya nyuma na baza, na mikrokontrola yako ina SPI: 595, bila shaka. Maktaba ya New LiquidCrystal ina sehemu za rejista za kusogeza tayari, huhitaji kuanza na karatasi tupu. Una ATtiny85 au PIC ndogo, au mashine inakaa karibu na mota, pampu, au mashine ya kuchomelea: 164 kwa biti 8, hata kama pini zingeruhusu nyingine. Ya dayodi ningeiacha kwa mwenye pini mbili tu na mahali patulivu.

Kwa shangazi nilirudi na 164. Taa ya nyuma sasa inawaka muda wote, naye anasema anaipenda hivyo, anaiona tangu mlangoni. Muungano wake ni huu. Kwenye 164, pini 1 na 2 pamoja kwenda data, ambako pia inatoka RS ya kioo (pini yake ya 4). Pini 8 kwenda kloki, pini 9 kwenda volti 5. Pini 3, 4, 5, 6, 10, 11, 12 na 13, kwa mpangilio huo, kwenda D0 hadi D7, yaani pini 7 hadi 14 za kioo, na biti kubwa inasukumwa kwanza. Pini 5 ya kioo, R/W, kwenda gaundi. E inatoka PB3 ya ATtiny85, si PB0 hadi PB2 ambazo zinatumika kuingiza programu, na ina rezista ya kilo-ohm 10 ya kuivuta chini ili mlango ubaki umefungwa chipu inapoamka. Kuanzisha ni 0x30 mara tatu kwa kusubiri kule kule, kisha 0x38, 0x0C, 0x01 na 0x06. Alama ya nyuzi, kama kioo chako kina zile herufi za Kijapani, iko kwenye 0xDF.

Ukiwasha ukakuta mstari wa juu umejaa maboksi meusi na wa chini mtupu, kioo kina umeme na weusi wake uko sawa, ila hakijaanzishwa. Anza na E: ipime kwa LED na rezista, ukiipunguza kasi programu hadi uone inawaka na kuzima. Ikiwa inapiga, hamia kwenye kloki, kisha data. Ukikuta kioo cheupe kabisa, usiguse programu. Zungusha kwanza rezista ya pini 3.